Leseni ya Redio ya Ridhaa na Redio Nyingine za Mawasiliano Binafsi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lamu na Malindi

Maswali yaliyomo humu ni yale ninayoulizwa gatini Lamu, barazani baada ya sala ya alasiri, na mara nyingi zaidi Malindi na Watamu, ambako boti za uvuvi wa kitalii, hoteli na wageni wenye redio zao hukutana mahali pamoja. Nimekuwa mwendeshaji wa redio ya ridhaa kwa miaka mingi, na wengi wanaonijia, wakiwemo wenzangu wenye leseni, huanza na dhana moja: kwamba aliyefaulu mtihani wa redio ya ridhaa, ambao si mwepesi, ameruhusiwa pia kila redio iliyo nyepesi kuliko hiyo. Dhana hiyo ina makosa, na baharini makosa hayo yanaweza kugharimu roho ya mtu. Ndiyo maana nimejibu kwa urefu pale panapohitaji urefu.

Leseni ya redio ya ridhaa inaniruhusu kufanya nini hasa?

Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, yaani ITU, zinaieleza huduma ya ridhaa kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya majaribio ya kiufundi, kwa watu walioidhinishwa ambao wanaipenda taaluma ya redio kwa nafsi zao na bila kutafuta fedha. Kwetu Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998, na alama za wito za Kenya, yaani majina ya vituo hewani, kwa kawaida huanza na 5Z4. Wazee waliokuwa hewani kabla ya uhuru walitumia VQ4, na bado utakutana na kadi zao za zamani za kuthibitisha mawasiliano, zikiwa zimehifadhiwa na watu wa nchi za mbali.

ITU imeigawa dunia katika maeneo matatu, na Kenya imo katika Eneo la 1 pamoja na Afrika nzima na Ulaya. Katika eneo hili masafa ya ridhaa yanayotumika zaidi ni megahezi 7.000 hadi 7.200, ambayo tunayaita meta 40 kwa urefu wa wimbi lake, megahezi 14.000 hadi 14.350, meta 20. Megahezi 144 hadi 146, meta 2. Na megahezi 430 hadi 440. Ndani ya mipaka hiyo, na ya mengine yaliyoandikwa kwenye leseni yako, una uhuru mkubwa sana. Unaweza kujenga redio kwa mikono yako, ukabuni antena ya waya wa shaba uliofungwa kati ya mlingoti na mnazi, ukabadilisha nguvu na namna ya kurusha, na hakuna atakayekuuliza kama chombo hicho kilipimwa maabara. Nje ya mipaka hiyo leseni yako haina neno.

Nimefaulu mtihani ulio mgumu kuliko wa huduma nyingine. Je, hizo ndogo hazimo ndani yake?

Hazimo, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri, kwa kuwa anayeielewa hatahitaji kukariri kanuni nyingine zote.

Serikali inapoachia watu masafa, lazima iwe na kitu inachokiamini ili mawimbi ya huyu yasimharibie yule. Katika huduma ya ridhaa kinachoaminiwa ni mtu: amefanyiwa mtihani, anajua wimbi lake linaenda wapi na linaacha uchafu kiasi gani pembeni, kwa hiyo anaachiwa hata chombo alichokitengeneza mwenyewe. Katika huduma za mawasiliano binafsi, zile za familia, za wenye magari na za wapanda milima, mtu hajulikani wala hajatahiniwa, kwa hiyo imani yote imewekwa kwenye chombo. Kimepimwa na kuidhinishwa kiwandani, nguvu yake imewekewa ukomo, chaneli zake zimefungwa, na mara nyingine hata antena yake haitoki. Mtu wa ridhaa anapoingia katika chaneli hizo na redio yake mwenyewe huwa ameingia na chombo ambacho hakuna aliyekipima kwa kazi ile, mahali ambapo chombo ndicho dhamana pekee. Ujuzi wake ni wa kweli, lakini pale hauna pa kuegemea.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe, jiulize haya masafa ni ya huduma gani na huduma hiyo inadai nini kwa mtu, kwa chombo na kwa kituo. Cheo chako katika huduma nyingine hakimo katika hesabu hiyo.

Redio yangu ndogo ya mkononi inarusha masafa mengi mno. Kama haikuruhusiwa, kwa nini imetengenezwa hivyo?

Redio za upepo za bei nafuu, Baofeng zikiwa ndizo zinazojulikana zaidi, hurusha kuanzia megahezi 136 hadi 174, na tena kuanzia 400 kwenda juu. Hesabu mwenyewe: katika zile megahezi 38 za kwanza, mtu wa ridhaa wa Eneo la 1 anamiliki 2 tu. Zilizobaki zimegawiwa vyombo vya baharini, makampuni na idara mbalimbali. Mtengenezaji anauza chombo hicho hicho dunia nzima, na mgawo wa masafa hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo ameuacha mlango wazi, na kujua chumba kipi ni chako ni juu yako.

Kijana mmoja wa Shela, anayefanya kazi kwenye boti, aliniletea redio mbili za aina hiyo zikiwa bado zina karatasi ya plastiki kwenye skrini. Aliziweka mkekani mbele yangu kwa furaha, akauliza, "Mwalimu, hizi zafika Kiwayu?" Nikaiwasha moja. Skrini ikawaka, na namba iliyotokea ilikuwa 156.800.

Nikamuuliza, "Mwanangu, nani aliyeiweka namba hii?"

"Muuzaji. Amesema yafanya kazi bahari yote."

Muuzaji hakusema uongo, kwani 156.800 ni chaneli ya 16, chaneli ya dharura na ya kuitana ya vyombo vya baharini duniani kote. Angezitumia redio hizo siku nzima kuulizana bei ya barafu na mafuta, bila kujua kwamba anazungumza kwenye mlango ambao mtu anayezama atakuja kubisha. Nilimwekea kidole juu ya namba ile, nikamweleza, na akazima zote mbili mwenyewe kabla sijamaliza.

Kuhusu Kiwayu, jibu ni kwamba hazifiki. Mawimbi ya VHF, yaani haya ya megahezi 30 hadi 300, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na mgongo wa dunia huyaziba. Watu wawili walioshika redio kwenye usawa wa meta 2 juu ya maji husikizana kama kilomita 11 au 12. Antena ya boti ya meta 3 na antena iliyo darini kwa meta 16 hukaribia kilomita 24. Kutoka Lamu mjini hadi Kiwayu ni kama kilomita 50, na kuongeza wati hakuwezi kuunyoosha mgongo wa dunia. Kinachosaidia ni kuinua antena. Kuta zetu za mawe ya matumbawe nazo hulifyonza wimbi, kwa hiyo anayezungumza kutoka ukumbini badala ya darini asishangae kutosikika hata Manda.

Kwa hiyo nahitaji nini ili nitumie VHF ya baharini kihalali?

Unahitaji vitu vitatu, na leseni ya ridhaa si kimojawapo. Cha kwanza ni leseni ya kituo cha chombo, inayotolewa kwa boti au jahazi, na ndiyo inayokipa chombo alama yake ya wito. Cha pili ni cheti cha mwendeshaji, kwa kuwa Kanuni za Redio zinataka kituo cha chombo kiendeshwe au kisimamiwe na mtu mwenye cheti cha huduma hiyo. Cha tatu ni redio iliyotengenezwa na kuidhinishwa kwa bahari, yenye chaneli zilizopangwa, nguvu isiyozidi wati 25 na swichi ya kushusha hadi wati 1 ukiwa bandarini.

Redio nyingi za sasa za aina hiyo zina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikibonyeza, chombo hutuma wito wa dharura wa kidijitali kupitia chaneli ya 70, megahezi 156.525, ukiwa na namba ya utambulisho ya tarakimu 9. Namba za vyombo vya Kenya huanza na 634. Namba hiyo huombwa na kusajiliwa ili wanaoupokea wito, kwa mfano kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichoko Mombasa, wajue chombo ni kipi na cha nani. Redio ya mkononi ya mtu wa ridhaa haina kitufe hicho wala namba hiyo, na chaneli ya 70 haizungumzwi kwa sauti hata kidogo.

Mimi mwenyewe nikipanda mashua kwenda Faza au Kizingitini nachukua redio yangu ya meta 2, na nahodha ana ya kwake ya baharini. Nikizungumza kwenye yangu natumia alama yangu ya 5Z4. Nahodha akinipa yake nishike kwa sababu mikono yake imo kwenye usukani, nachukuliwa kuwa ninazungumza kwa niaba ya chombo, chini ya macho yake, na ninaloita ni jina la chombo. Kuitaja alama ya ridhaa kwenye chaneli ya bahari ni kosa, na kulitaja jina la boti kwenye meta 2 kama kwamba ndiyo alama ya wito ni kosa vilevile.

Na CB ya megahezi 27, si ilikuwa jirani wa ridhaa?

CB, redio ya wananchi wa kawaida isiyo na mtihani, ni jirani kweli. Masafa ya ridhaa ya meta 10 huanza megahezi 28.000, na chaneli 40 za CB zinazojulikana zaidi huanzia 26.965 hadi 27.405. Tena historia yake ina uchungu kidogo kwetu: nchini Marekani kipande hicho, meta 11, kilikuwa cha ridhaa hadi mwaka 1958 kilipokabidhiwa wananchi wa kawaida. Mwaka 1983 nchi hiyo ikaondoa hata sharti la leseni ya mtu mmoja mmoja kwa CB. Ukomo wa nguvu ukabaki, wati 4 kwa AM na wati 12 za kilele kwa SSB, yaani sauti inayorushwa kwa upande mmoja tu wa wimbi, na redio lazima iwe imeidhinishwa kwa CB.

Hapa ndipo waendeshaji wa ridhaa wengi hujikwaa. Redio kubwa ya HF, yaani ya mawimbi mafupi, hufunguliwa kwa kukata waya au kuondoa daiodi moja, ikaanza kurusha megahezi 27 kwa wati 100. Fundi hujiona amepata kitu, kumbe amepata chombo kisichoidhinishwa, chenye nguvu mara 25 ya ukomo wa AM, katika huduma ambayo leseni yake haimhusu. Kuondolewa kwa sharti la leseni Marekani hakumpi ruhusa mtu wa Malindi, kwa sababu kila nchi hutoa ruhusa ndani ya mipaka yake. Anayetaka kutumia CB Kenya aende kwa Mamlaka ya Mawasiliano kwanza, akiwa na jina na aina ya chombo anachokusudia kukitumia.

Wageni wetu Malindi huja na wokitoki ndogo kutoka kwao, wakisema kwao hazihitaji leseni. Niwaambie nini?

Waambie kwamba wanasema kweli kuhusu kwao. Anayetoka Italia au Ujerumani huwa na redio za familia za PMR446, zinazotumia megahezi 446.0 hadi 446.2 kwa nguvu ya nusu wati, na antena isiyobadilishwa. Ulaya hazihitaji leseni. Anayetoka Marekani huwa na za FRS, huduma ya familia iliyoanzishwa mwaka 1996, au za GMRS, huduma nyingine ya mawasiliano binafsi ya huko, na zote hutumia megahezi za 462 na 467. Katika Eneo la 1 kipande hicho cha 462 na 467 hugawiwa huduma nyingine, mara nyingi redio za makampuni na taasisi, kwa hiyo familia inayochezea redio hizo kwenye roshani ya hoteli inaweza kuwa inazungumza juu ya walinzi, au juu ya watu wenye kazi nyeti zaidi ya ulinzi.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda kwa sababu unaonyesha jambo lote kwa namba moja. Megahezi 446 Ulaya ni ya familia, haihitaji leseni. Marekani namba hiyo hiyo imo ndani ya masafa ya ridhaa, ambayo huko ni 420 hadi 450, na mtu asiye na mtihani haruhusiwi kuigusa. Kwetu Kenya masafa ya ridhaa huishia 440, kwa hiyo 446 si ya mtu wa ridhaa wa Lamu hata kama anaisikia wazi kutoka kwa watalii walioko ufukweni.

Chombo cha redio kinachoingizwa nchini kinapaswa pia kuwa kimeidhinishwa na Mamlaka. Mgeni anayejali hushukuru akielezwa hayo mapema, kabla hajaulizwa na mtu wa forodha.

Nasikia Marekani mtu wa ridhaa hulazimika kukata leseni ya pili ili atumie GMRS. Ni kweli?

Ni kweli, na ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Huko huduma za mawasiliano binafsi zimo katika Sehemu ya 95 ya kanuni, na ridhaa imo katika Sehemu ya 97. GMRS haina mtihani hata kidogo: mwombaji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi hulipa dola 35, akapata leseni ya miaka 10, na jamaa zake wa karibu hutumia leseni hiyo hiyo. Mtu mwenye daraja la juu kabisa la ridhaa, aliyejenga ripita, yaani kituo cha kupokea na kurudufu mawimbi, na kuzungumza kupitia satelaiti, akitaka kumwita mkewe kwenye GMRS hulazimika kulipa dola zile zile na kutumia alama nyingine ya wito. Na tazama tofauti ya pili: leseni ya GMRS inafunika familia, ilhali ya ridhaa ni ya mtu mmoja. Mume akiwa na ridhaa, mke asiye na leseni hawi mwendeshaji kwa sababu ya ndoa.

Nina hoteli na nina leseni ya ridhaa. Naweza kutumia meta 2 kuongea na boti yangu ya uvuvi na wafanyakazi wangu?

Hapana. Kazi ya hoteli ni biashara, na huduma ya ridhaa imefafanuliwa kuwa haina maslahi ya fedha. Haijalishi kwamba boti ni yako, wala kwamba nahodha naye ana leseni ya ridhaa. Boti na itumie VHF ya baharini, na wafanyakazi wa nchi kavu waombewe masafa ya kibinafsi kwa Mamlaka, ambayo hulipiwa na kukuhakikishia kwamba una haki ya kulalamika ukiingiliwa. Njia ya tatu ni redio zinazotumia laini ya simu.

Redio za laini ya simu na programu za kwenye simu zinahitaji leseni?

Programu ya kuzungumza kwa kubonyeza, kama Zello, hutumia mtandao wa kampuni ya simu, na mwenye leseni ya masafa ni kampuni hiyo. Wewe unanunua bando tu. EchoLink ni jambo jingine, ingawa nayo imo kwenye simu: mwisho wa safari sauti yako hutoka hewani kwenye masafa ya ridhaa katika mji wa mbali, kwa hiyo hudai uthibitisho wa alama yako ya wito kabla ya kukufungulia. Kumwazima rafiki nywila yako ya EchoLink ni sawa na kumkabidhi kituo chako.

Katika dharura je? Nimeambiwa kanuni zote huanguka.

Hazianguki zote, na hapa naomba msomaji asome taratibu.

Kifungu cha 4.9 cha Kanuni za Redio kinasema kwamba hakuna sharti lolote katika kanuni hizo linalokizuia kituo kilichomo katika hatari, au kituo kinachokisaidia, kutumia njia yoyote ya redio kilicho nayo ili kuvuta macho ya watu, kueleza hali na mahali kilipo kile kilichomo hatarini, na kupata au kutoa msaada. Kwa hiyo mashua ikiingia maji nje ya mwamba, na kilichobaki mkononi ni redio ya ridhaa, ita. Ita kwenye 156.800, sema Mayday mara tatu, sema jina la chombo, mahali ulipo, nini kimetokea na mko watu wangapi, kisha achia kitufe usikilize. Ita kwenye meta 2 pia. Hakuna mwenye akili atakayekuuliza leseni.

Lakini kifungu hicho kinamzungumzia aliye hatarini na anayemsaidia. Hakimpi mtu ruhusa ya kuweka chaneli ya 16 tayari na kuizungumzia kila siku kwa hoja kwamba siku moja huenda akahitaji msaada. Wala injini iliyozimika ndani ya mlango wa bahari, kukiwa shwari na watu wazima, si Mayday. Kuna wito wa Pan-Pan kwa jambo la haraka lisilotishia roho papo hapo, nao uko pale pale kwenye chaneli ya 16, kwa chombo chenye leseni.

Nitasimulia kilichonifanya nilishikilie jambo hili. Usiku mmoja wa kusi, upepo ukipiga madirisha, nilikuwa nimeacha kipokezi wazi kwenye chaneli ya 16. Ikaanza sauti isiyokuwa wito: feni ikizunguka, sahani zikigongana, mtoto akilia na mwanamke akimbembeleza. Mtu alikuwa ameiweka redio yake mahali fulani kitufe kikiwa kimebanwa, labda chini ya mto au kati ya vitu vya jikoni. Ilidumu zaidi ya nusu saa. Katika FM, namna ya kurusha inayotumiwa na VHF ya baharini, wimbi lenye nguvu humeza lililo dogo, na kwa muda wote huo chombo chochote cha mbali ambacho kingeita nisingekisikia, wala asingekisikia mwingine aliye karibu na nyumba ile. Niliposikia nyuma ya ile feni kitu kama mkwaruzo wa sauti ya mtu, nilisimama kipokezi kikiwa sikioni, nisiweze kufanya lolote. Mpaka leo sijui kama ilikuwa sauti ya mtu. Asubuhi nilizunguka gatini nikiuliza kila nahodha kama wote wamerudi, na walikuwa wamerudi.

Mwenye redio ile hakuwa na nia mbaya. Alinunua chombo, akakikuta na namba, akakitumia.

Watu wa ridhaa basi tuna kazi gani wakati wa maafa?

Tuna kazi kubwa, kwenye masafa yetu. Kanuni za Redio zinaruhusu vituo vya ridhaa kupeleka ujumbe wa kimataifa kwa niaba ya watu wengine wakati wa dharura au misaada ya maafa, jambo ambalo siku za kawaida halimo. Meta 40 mchana hufika Mombasa na Nairobi kwa antena ya waya iliyo chini chini, bila mnara wala umeme wa gridi, kwa betri ya gari na paneli ya jua. Mtu wa ridhaa anayetaka kuwafaa watu wa visiwa vyetu ajizoeze hilo.

Naruhusiwa kusikiliza tu masafa ya ndege na ya baharini?

Kusikiliza ridhaa na matangazo ya umma hakuna taabu. Kwa mawasiliano yasiyokusudiwa umma, Kanuni za Redio zinazitaka nchi zizuie kuyanasa bila idhini na kuyatangaza yaliyomo. Kama umesikia marubani wa Malindi au Manda wakizungumza, yasiwe maneno ya barazani wala ya kurekodi na kusambaza. Masafa ya ndege, megahezi 118 hadi 137, hayarushwi na mtu wa ridhaa kabisa.

Mgeni mwenye leseni ya ridhaa ya kwao anaweza kurusha kutoka Lamu?

Si kwa leseni ya kwao peke yake. Kanuni za kimataifa zinataka kila kituo cha kurusha kiwe na leseni ya serikali ya nchi kilipo, kwa hiyo aombe idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya safari, akiambatisha leseni yake na pasipoti, na aombe mapema, si siku anayoshuka Manda. Asipoipata kwa wakati, aje asikilize. Kutoka Malindi satelaiti ya ridhaa ya QO-100, iliyorushwa Novemba 2018 na kuegeshwa longitudo nyuzi 25.9 mashariki, iko juu sana angani upande wa magharibi, kama nyuzi 73 kutoka upeo. Dishi dogo la televisheni linatosha kuipokea. Pwani hii si ngeni kwa mambo hayo: jukwaa la San Marco pale Ngomeni ndilo lililorusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970.

Naanzia wapi nikitaka leseni ya ridhaa?

Anza na kusikiliza, kisha kujifunza umeme, antena na kanuni, kisha peleka maombi kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Chama cha waendeshaji wa Kenya, kinachojulikana kwa herufi ARSK, kina watu wanaojibu maswali kwa moyo mkunjufu. Alama za Morse, za nukta na vistari, si kizuizi kama zamani, kwani tangu 2003 ITU imeziachia nchi ziamue zenyewe kama zitazidai. Jifunze hata hivyo, kwa kuwa Morse hupenya pale sauti inaposhindwa.

Nikiiuza redio yangu, leseni inakwenda na chombo?

Haiendi. Mnunuzi anapata chombo, na alama ya wito inabaki kwako. Kabla ya kumkabidhi, futa chaneli zote ulizoziweka kwenye kumbukumbu, hasa zile za baharini kama uliziweka kwa kusikiliza, na umwoneshe namna ya kufunga kitufe. Viungio vya antena vipanguse chumvi, maana hewa yetu huvila ndani ya miezi michache, halafu muulize anataka kukitumia wapi. Akisema ni kwa boti, usimuuzie. Mpeleke kwa anayeuza redio za baharini.